Kusoma skechi ya penseli: mwongozo kwa anayeona "mbona haijaisha?"

Maswali kuhusu skechi huru, yaani mchoro wa penseli ulioachwa na mistari yake ya kuanzia, ni yaleyale kila mara. "Mbona hajafuta mistari ya chini?" "Hii si rasimu tu?" "Bega lina mistari mitatu, wenyewe ni upi?" Na anayejifunza kuchora huja na lake: "Nifanyeje mchoro wangu uonekane huru kama ule?" Yote haya yanatibiwa na kitu kimoja, nacho ni kujua kuusoma mchoro kama unavyosoma nyayo kwenye mchanga: nani alipita, alianzia wapi, alisita wapi, aligeukia wapi.

Nadharia yenyewe ni fupi. Mwashi akitaka kujenga ukuta hutandika kamba, na ukuta ukisimama huitoa. Mchoraji wa skechi huru anaiacha kamba ukutani. Mistari myepesi unayoiona chini ndiyo kamba. Mistari mizito ni matofali. Anayetazama matofali peke yake anapoteza nusu ya kilichopo kwenye karatasi.

Kazi nzima itakuchukua kama saa moja na nusu. Usiigawe siku mbili, isipokuwa pale utakapoambiwa.

Andaa hivi kwanza

- Mchoro mmoja wa penseli wa kutazama. Ukipata halisi, wa rafiki au wa mwanafunzi wa sanaa, ni bora kuliko picha ya mchoro wa bingwa. Usipopata, pakua picha kubwa kutoka tovuti ya makumbusho ya Met ya New York au Rijksmuseum ya Amsterdam. Zote mbili zinaruhusu kupakua bure picha za kazi zao nyingi. Tafuta zilizoandikwa kuwa ni penseli au grafiti. Wino na mkaa vina tabia nyingine.
- Simu yenye tochi na kamera inayokaribia. Lenzi ya kukuzia mara 5 hadi 10 ni nzuri zaidi ukiwa nayo.
- Penseli tatu: 2H, HB na 4B. Kama duka la karibu lina HB peke yake, endelea nayo, utabadilisha nguvu ya mkono badala ya penseli.
- Karatasi nne za A4. Mbili ziwe nene kidogo, gramu 120 kwa mita ya mraba au zaidi, zisiwe laini za kuteleza. Mbili zinaweza kuwa za fotokopi za kawaida.
- Wembe au kisu kidogo cha kuchongea. Kichongeo cha plastiki kinatoa ncha fupi. Hapa unataka risasi, ule moyo mweusi wa penseli, ichomoze kama sentimita 1 ili uweze kuilaza.
- Raba moja safi. Ni ya akiba tu: wakati wa kuchora utaiweka chumba kingine.
- Saa, au kipima muda cha simu.

Kuhusu herufi kwenye penseli: H ni ngumu, B ni laini na nyeusi. Risasi ya penseli si risasi, ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, njia aliyoisajili Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu, grafiti ikizidi inakuwa laini. Hili lina faida kwako kama msomaji: penseli ngumu ikikandamizwa inakwaruza karatasi na kuacha mfereji, wakati laini inamwaga weusi unaong'aa.

Hatua za kusoma

1. Tazama kwa mbali, kisha kwa karibu, bila kuhukumu. Simama mita 2 kutoka kwenye mchoro kwa dakika moja. Jicho lako litachagua lenyewe mistari mizito na kukuonyesha umbo. Sasa sogea hadi sentimita 30. Umbo litavunjika na mistari itaanza kuonekana moja moja. Rudi nyuma tena. Fanya hivi mara tatu. Ukiona kwamba mistari iliyokuwa "uchafu" kwa karibu inaupa mwili uzito au mwendo ukiwa mbali, umeshaanza kusoma.

2. Zima taa ya juu, washa tochi pembeni. Kama mchoro ni halisi, ulaze mezani, shika simu karibu na ukingo wa karatasi na elekeza mwanga karibu sambamba na karatasi, kama jua la saa kumi na mbili jioni. Utaona mambo mawili. La kwanza ni mifereji: mahali penseli ilipokandamiza karatasi. Mfereji usio na weusi ndani yake ni mstari uliofutwa. Raba huondoa grafiti, lakini haiwezi kuinua karatasi iliyobonyea. La pili ni mng'ao: sehemu zilizorudiwa mara nyingi kwa penseli laini hung'aa kama sufuria iliyosuguliwa, na hapo ndipo mchoraji alipotumia muda mwingi.

Raba haifuti kila kitu, na ushahidi maarufu upo. Mwaka 1953 msanii Mmarekani Robert Rauschenberg aliufuta kwa makusudi mchoro aliopewa na mchoraji mwenzake Willem de Kooning, na karatasi hiyo sasa iko katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya San Francisco. Hata baada ya kazi yote ile ya kusugua, alama hafifu zinaonekana hadi leo.

*Tahadhari:* usiguse mchoro halisi kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanaushika ukungu wa grafiti na hautatoka tena. Usitumie mshumaa badala ya tochi, sababu hazihitaji maelezo.

3. Tafuta kamba za mwashi. Hii ni mistari myepesi, mirefu, mara nyingi imenyooka kuliko kitu chenyewe, na inapita mpaka wa umbo na kuendelea hewani. Utakuta mstari wa mhimili katikati ya uso, mstari unaounganisha mabega mawili, mstari wa ardhi, kisanduku kilichozunguka kitu kizima. Hesabu mingapi unaiona. Mchoro wa mtu aliyeketi ukiwa na mitano hadi kumi ni kawaida.

Kamba nyingine zilikuwa kamba za kweli. Mchoraji Mholanzi Van Gogh alipokuwa The Hague, Uholanzi, mwaka 1882 alichora akitumia fremu ya mbao iliyofungwa nyuzi zinazokatana kwa mshazari, akitazama mandhari kupitia humo. Aliziweka kwanza nyuzi zile kama mistari ya penseli kwenye karatasi, na katika baadhi ya michoro yake ya kipindi hicho mistari hiyo bado inaonekana chini ya kazi. Ukikuta X kubwa inayokata mandhari bila sababu, sasa unajua cha kuuliza.

4. Tafuta majuto. Ndivyo wanavyoyaita wachoraji wa Italia, *pentimento*, mahali mchoraji alipobadili mawazo. Kwenye penseli huonekana kama ukingo uliochorwa mara mbili, tatu au zaidi, kila mara kando kidogo. Chukua kila rundo la mistari ya namna hii na ujibu maswali matatu: iko mingapi? Upi ulichaguliwa (kwa kawaida ndio mweusi au mnene zaidi)? Umbo lilihamia upande gani: lilipungua, liliongezeka, liliinama?

Jibu la tatu ndilo lenye utamu. Mkono uliohamishwa chini mara mbili unakuambia mchoraji alianza na mkono wa kichwani mwake, kisha akamtazama mtu aliye mbele yake na kukuta mkono ule umechoka. Giacometti, mchongaji na mchoraji wa Uswisi, alifanya maisha yake yote ya kuchora kuwa majuto ya namna hii: mistari inazunguka kichwa mara kumi na zaidi, na raba yake inapita kati kama penseli nyeupe, ikiacha mikanda ya mwanga. Kwake kufuta si kusafisha.

5. Panga nini kilitangulia nini. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nenda polepole. Tumia dalili hizi kwa mpangilio huu:

Mstari unaogonga mwingine na kukoma hapohapo ulikuja baadaye. Aliyeuchora alikuwa anauona ule wa kwanza.

Mstari unaopita ndani ya kitu kilicho mbele yake, kama mguu wa nyuma wa kiti unaoonekana ndani ya mguu wa mbele, karibu kila mara ulitangulia, au ulichorwa kana kwamba kitu ni kioo ili kupima. Kwa vyovyote ni mstari wa kupimia.

Mstari safi, wenye kingo kali, uliolala juu ya ukungu wa kijivu ulikuja baada ya raba. Mstari ulio mweusi nje ya ukungu na hafifu ndani yake ulikuwepo kabla.

Kivuli kinachouvuka ukingo mmoja bila kuujali na kuishia kwenye ukingo mwingine kinakuambia ukingo gani ulikuwa umeshakataliwa wakati wa kutia kivuli.

*Tahadhari kubwa:* mstari mweusi huonekana kama uko juu ya ule mwepesi hata kama ulichorwa kwanza. Grafiti haifuniki kama rangi ya mafuta, na kwa macho matupu makutano ya mistari miwili ya penseli hayaaminiki. Jaribu mwenyewe kwenye karatasi ya fotokopi: chora mstari wa 4B, ukatishe kwa 2H, halafu pembeni fanya kinyume. Mwonyeshe mtu mwingine umuulize upi ulitangulia. Atakisia tu. Ndiyo maana dalili za juu zinahusu mistari inapoishia na ukungu ulipo, si weusi.

6. Soma mkono. Mstari wa haraka una kingo laini na mara nyingi mkia unaokonda, kwa sababu penseli iliinuliwa ikiwa bado inakwenda. Mstari wa polepole una mtetemo mdogo na uzito wa sare. Kichwa cha mstari, pale penseli ilipotua, huwa butu. Ukipata kichwa na mkia umepata uelekeo.

Angalia na mistari ya kivuli. Anayetumia mkono wa kulia kwa kawaida huilaza kutoka juu kulia kwenda chini kushoto. Wa mkono wa kushoto huilaza kinyume chake, na ndivyo kivuli cha Leonardo da Vinci kinavyotambulika. Ukiona mistari ya kivuli ikibadili uelekeo ghafla kwenye kona moja, huenda mchoraji aligeuza karatasi, au alirudi pale siku nyingine.

7. Tazama palipoachwa. Sehemu tupu nayo ni uamuzi. Mfano wa kufundishia ni picha za watu alizochora Mfaransa Ingres kwa penseli huko Roma: uso umekamilishwa hadi kope, kivuli laini kama unga, kisha koti na sketi vinatelemka kwa mistari michache ya haraka, na chini kabisa karatasi inabaki karatasi. Weka kidole hewani juu ya mchoro (usiguse) na ufuate weusi unavyopungua kutoka katikati kwenda nje. Utakuwa unafuata macho ya mchoraji yalipokaa na yalipopita tu.

Sasa chora, maana kusoma peke yake hakutoshi

8. Chukua mbuzi ya nazi. Ndiyo, ile ya kukunia. Kifaa hiki ni mwalimu mkali: kina mbao zinazopishana, kibao cha kukalia kilichoinama, na ulimi wa chuma wenye meno uliotoka nje kama shingo. Huwezi kukibahatisha. Usipokuwa nayo, kiti cha kukunja kitafaa. Iweke sakafuni mita 1.5 kutoka ulipoketi, upande wake ukielekea kwako kwa mshazari, mwanga wa dirisha ukitoka upande mmoja.

Tumia karatasi nene. Weka raba chumba kingine. Kipima muda: dakika 12.

*Dakika 0 hadi 2.* Penseli 2H, ishike mbali na ncha, karibu na mkia, na uchore kutoka begani, si kwenye vidole. Weka kisanduku chepesi kitakachobeba mbuzi nzima pamoja na ulimi. Kisha mishazari miwili mirefu ya miguu, ipite juu na chini ya kisanduku bila woga. Kama unaona mistari hii waziwazi ukiwa umesimama mita 2, umekandamiza mno.

*Dakika 2 hadi 5.* Pima. Nyoosha mkono, funga jicho moja, linganisha penseli na mguu mmoja wa mbuzi, na uihamishe pembe hiyo kwenye karatasi bila kukunja kiwiko. Halafu pima mahali miguu inapopishana. Asilimia kubwa ya wanaoanza huiweka makutano katikati kabisa, kwa sababu kichwa kinasema "herufi X" na X ya kichwani iko sawa pande zote. Mbuzi iliyo mbele yako haiko hivyo, hasa ukiitazama kutoka juu kwa mshazari. Utakosea. Ukikosea usifute, chora mstari mwingine kando, mahali panapostahili. Hili ndilo jutio lako la kwanza na ndilo tutakalolisoma.

*Dakika 5 hadi 9.* Chukua HB. Sogeza mkono karibu kidogo na ncha. Sasa chagua: katika kila rundo, tia uzito mstari mmoja tu, na usiutie uzito wote. Kandamiza pale vitu vinapogusana: miguu inapopishana, miguu inapogusa sakafu, ulimi unapotoka kwenye mbao. Kwingine uache mstari ukonde au upotee kabisa. Ukingo wa kibao ulioelekea dirishani unaweza usiwe na mstari wowote zaidi ya ule wa 2H.

*Dakika 9 hadi 11.* 4B iliyolazwa ubavu. Kivuli sehemu tatu peke yake: chini ya kibao, ndani ya makutano ya miguu, na kivuli cha sakafuni. Uelekeo mmoja. Usisugue kwa kidole. Kusugua kunaua mistari ya chini, ambayo ndiyo tunayoitaka.

*Dakika 11 hadi 12.* Meno ya ulimi. Usiyahesabu. Chora matatu au manne yaliyo karibu nawe kwa ukali, mengine yawe mtetemo mmoja wa penseli unaozunguka ukingo. Saa ikilia, weka penseli chini hata kama jino moja linakuwasha.

9. Uache hadi kesho, kisha usome kama wa mtu mwingine. Hapa ndipo siku mbili zinaruhusiwa. Rudia hatua ya 1 hadi ya 7 kwenye mchoro wako. Nyuma ya karatasi andika kwa maneno machache: majuto mangapi, makutano yalihama upande gani na kwa milimita ngapi, uzito uko wapi. Fanya michoro mitano ya kitu kilekile ndani ya wiki. Makutano yakihama upande uleule kila mara, umegundua kasoro ya jicho lako, na sasa unaweza kuirekebisha kabla penseli haijagusa karatasi. Mchoro uliofutwafutwa usingekuonyesha hilo kamwe.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni *mstari wa manyoya*, na watu huuchanganya na mstari wa kutafuta. Tofauti ni hii. Mistari ya kutafuta ni mirefu na kila mmoja una rai yake: mmoja unasema bega liko hapa, mwingine unasema hapana, liko chini milimita 4. Mstari wa manyoya ni vipande vya sentimita moja moja vilivyopandana kwenye njia ileile, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Vipande vyote vinasema kitu kimoja kwa sauti ya chini. Kipimo: chagua mstari mmoja kwenye rundo na uufuate peke yake hadi mwisho. Kama ungekupa umbo tofauti na jirani yake, ni kutafuta. Kama ungekupa umbo lilelile, ni woga. Dawa yake ni kuutembeza mkono hewani juu ya karatasi mara mbili bila kugusa, kisha kushuka mara moja.

La pili ni *ulegevu wa kubandika*: mtu anamaliza mchoro msafi, halafu anaupamba na mistari ya kuvukavuka ili uonekane "wa kisanii". Hukamatwa kirahisi. Mistari ya kweli ya kuanzia inahusiana na umbo. Ukiifuata inapita sehemu mbili zinazolingana, kama kiwiko na goti. Ya kubandika haielekei popote, ina uzito sawa wote, na inakoma kabla ya kugusa sehemu nyeti kama uso, kwa sababu aliyeichora aliogopa kuharibu. Programu za simu zinazogeuza picha kuwa skechi zina ugonjwa uleule: zinaweka mistari kwenye kingo zote kwa bidii ileile, hazina majuto hata moja, na kivuli hakijui kipo nyuma ya nini.

La tatu ni kuanza na 4B. Mstari wa kwanza ukishakuwa mweusi, hakuna nafasi ya kusema "hapana, ni hapa" bila kupiga kelele zaidi.

Na kuna kosa la msomaji, si la mchoraji: kudhani kila skechi huru ni nzuri. La. Ipo mingi ambayo ni uzembe tu. Skechi nzuri ina marekebisho yanayoelekea kitu; mbaya ina mistari mingi iliyokosea mahali palepale, na mchoraji hakuchagua.

Ikikwama

*Sioni mistari yoyote ya chini.* Kama ni picha ya simu, huenda imebanwa. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na mistari myepesi ndiyo ya kwanza kufa. Omba itumwe kama faili. Kisha ongeza kontrasti na punguza mwangaza kidogo. Kama ni mchoro halisi na bado huoni, geuza karatasi: mstari wa penseli ngumu uliokandamizwa hutokeza nyuma kama uvimbe mdogo, na tochi ya pembeni itauonyesha.

*Mchoro wangu umekuwa tope jeusi.* Kiganja chako kinaburuta grafiti. Weka kipande cha karatasi safi chini ya mkono, na anzia upande wa pili wa mkono wako: wa kulia aanzie kushoto. Kama tope liko ndani ya umbo, ulisugua kivuli.

*Mistari yote imetoka na uzito mmoja.* Unashika penseli kama ya kuandikia. Rudi nyuma kwenye mkia. Ukishindwa, simama na kuchora mezani. Mkono wa aliyesimama haupati pa kuegemea.

*Ncha ya 4B inavunjika kila nikichonga.* Penseli ilianguka na risasi imekatika ndani, au wembe wako ni butu na unakandamiza. Chonga mbao kwanza hadi risasi itokeze, kisha inoe risasi kwa kuizungusha kwenye karatasi ya msasa laini, si kwa wembe.

*Nimejaribu kufuta mstari mmoja na sasa kuna doa la kung'aa.* Raba yako imekauka au ina grafiti ya zamani. Isugue kwanza kwenye karatasi chakavu hadi iache alama nyeupe. Kabla ya mpira kugunduliwa kuwa unafuta penseli, jambo ambalo mwanasayansi Mwingereza Joseph Priestley aliliandika mwaka 1770, wachoraji walitumia mkate. Nyama ya ndani ya mkate mweupe, isiyo na siagi, bado inafanya kazi ukiibonyeza bila kusugua.

*Nimefungua daftari baada ya mwezi, mistari myepesi imepotea.* Kurasa zinasuguana. Weka karatasi laini kati ya kurasa mbili zilizotazamana na ufunge daftari kwa mpira. Van Gogh alikaza michoro yake ya penseli kwa maziwa yaliyochanganywa na maji. Usiige hilo kwenye joto la pwani, utawakaribisha wadudu na ukungu. Usipeleke skechi kwenye laminesheni pia. Moto ule na plastiki ile ni safari ya kwenda tu.

*Nikiipiga picha, inatoka michoro tofauti: mizito inabaki, myepesi haipo.* Umetumia hali ya kuskani nyaraka. Programu hizo zimetengenezwa kusafisha karatasi ya risiti, kwa hiyo zinaufanya weupe kuwa mweupe kabisa na kufagia kila kilicho hafifu, pamoja na kamba zako zote. Tumia kamera ya kawaida, flashi imezimwa, karatasi karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mwanga ukitoka upande mmoja, simu sambamba na karatasi. Gusa skrini kwenye sehemu tupu ya karatasi na ushushe mwangaza hadi karatasi iwe ya kijivu hafifu. Picha itaonekana chafu kidogo. Iache hivyo.